Waanzilishi wa Nini?

Nina ugomvi na neno "waanzilishi", na leo sitaki wazee wa kusuluhisha. Nataka tulifikishe barazani, tulisomee mashtaka, kisha wewe msomaji uamue mwenyewe.

Mahali pa ugomvi ni mbali: mbuga za majani za katikati ya Marekani, hasa jimbo la Kansas. Huko wilaya nyingi zina kitabu chao cha historia. Ni kitabu kinene, kilichochapwa kwa michango ya wenyeji, aghalabu mji unapotimiza miaka mia. Ndani yake zinapangwa familia moja baada ya nyingine: babu alifika na jembe, ng'ombe wawili na Biblia, bibi alizaa watoto tisa akazika watatu. Halafu inakuja orodha ya shule za chumba kimoja na walimu wake. Halafu maduka: nani alikuwa wa kwanza kuuza unga na misumari, nani mhunzi, nani alifungua hoteli. Katikati kuna picha za watu walionuna, maana enzi hizo kucheka mbele ya kamera ilikuwa haijawa ada.

Wasomi wakubwa huvicheka vitabu hivyo. Eti hiyo siyo historia, ni umbea wa ukoo. Mimi sivicheki hata kidogo, na nianze kwa kuvipa haki yake. Historia ya mfalme huandikwa na wanaolipwa na mfalme. Historia ya duka la kijiji, wanakijiji wasipoiandika, haiandikwi na mtu. Aliyekaa akauliza mwalimu wa kwanza aliitwa nani, alilipwa nini na alilala wapi, huyo amefanya kazi ambayo maprofesa kumi wameikimbia. Kwa hiyo ugomvi wangu na vitabu hivi haukutokana na udogo wake. Unatokana na mahali vinapoanzia na mahali vinaponyamaza.

Vinaanzia wapi? Vinaanzia siku jembe la kwanza lilipogusa udongo. Kabla ya hapo, kimya. Nyasi, upepo, nyati. Kisha anatokea mtu, na mtu huyo ni mwanzilishi. Hivi kweli? Kansas yenyewe imepata jina lake kwa Wakansa, watu walioikalia nchi hiyo kabla ya jembe hilo kufuliwa. Wakansa hawa waliondolewa katika jimbo lenye jina lao mwaka 1873, wakapelekwa kusini, eneo ambalo leo ni Oklahoma. Jina likabaki, wenye jina wakahamishwa. Hebu niambie, msomaji, nani alianzisha nini hapo?

Usidhani huu ni usahaulifu wa wazee wa vijijini tu. Chukua kitabu mashuhuri kuliko vyote vya mbuga zile, "Little House on the Prairie" cha Laura Ingalls Wilder, kilichotoka mwaka 1935. Watoto wa dunia nzima wamekisoma. Katika toleo la kwanza mwandishi alieleza kwamba katika nchi ile hapakuwa na watu. Walikuwako Wahindi Wekundu tu. Soma tena. Hapakuwa na watu, walikuwako hao tu. Miaka 17 ilipita kabla msomaji mmoja hajaandika kulalamika, na katika chapa ya mwaka 1953 neno "watu" likabadilishwa kuwa "walowezi". Neno moja tu, na hesabu yote ya ubinadamu ikabidi ipigwe upya. Tena familia hiyo ya kitabuni, ilipokaa Kansas kati ya 1869 na 1871, ilikuwa imejenga ndani ya ardhi ya Waosage, ardhi ambayo bado kisheria ilikuwa mali ya Waosage. Kwa Kiswahili chetu mtu anayejenga kwenye kiwanja cha mwenzake anaitwa mvamizi. Akipata mjukuu anayejua kuandika, anaitwa mwanzilishi.

Sasa twende kwenye sheria, maana mambo haya hayakuletwa na upepo. Tarehe 20 Mei 1862 Rais Lincoln alitia saini Sheria ya Makazi. Mkuu wa familia, au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, angeweza kudai ekari 160 za ardhi ya serikali. Alipe ada ndogo, ajenge, alime, akae miaka mitano, kisha hati ni yake. Kwa sheria hiyo ziligawiwa zaidi ya ekari milioni 270, kama sehemu moja ya kumi ya nchi nzima. Mwaka huo huo serikali ilianza kuyapa makampuni ya reli ardhi kwa mamilioni ya ekari, na shule nazo zikakatiwa fungu lake: huko Kansas, katika kila eneo lililopimwa vipande 36, kipande namba 16 na namba 36 vilitengwa kwa ajili ya elimu.

Unaona mambo? Shamba lilitolewa na serikali. Reli ilipewa ardhi na serikali. Shule ilitengewa ardhi na serikali. Na wenye ardhi waliondolewa na jeshi la serikali. Halafu unafungua kitabu cha wilaya unasoma kwamba babu "hakutegemea mtu". Bwana wee! Jasho la babu ni la kweli, sina haki ya kulifuta. Lakini jasho ni jambo moja na kutotegemea mtu ni jambo jingine. Wajukuu wanaochanganya haya mawili leo ndio wanaopiga kelele kwamba mlalahoi asisaidiwe na serikali, eti ajitegemee kama babu yao. Babu yao alipewa ekari 160!

Nafika sasa kwenye kijiji ambacho kimenifanya niandike makala hii. Kinaitwa Nicodemus, kiko wilaya ya Graham, kaskazini-magharibi ya Kansas, kando ya mto Solomon. Waliokianzisha mwaka 1877 walikuwa watu weusi, wengi wao kutoka Kentucky, watu waliokuwa watumwa miaka 12 tu nyuma. Kusini vita vilikwisha, utumwa ukafutwa, lakini bwana alibaki na shamba na mtumwa alibaki na mikono mitupu. Mwaka ule ule wa 1877 serikali ya Washington iliondoa ulinzi wa majeshi yake huko Kusini, na wenye bunduki za usiku wakapata ruksa. Ndipo vilipofika vipeperushi vya kampuni ya mji, ya W. R. Hill, mzungu mfanyabiashara wa viwanja, na W. H. Smith, mtu mweusi. Vilisifia nchi ya ahadi. Septemba 1877 wakaondoka watu kama 300 kutoka upande wa Lexington.

Walikuta nini? Mwanamke mmoja, Willina Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia kwamba wanaume walipopaza sauti kuwa Nicodemus ndiyo ile, yeye alitazama huku na huku asiuone mji. Akaonyeshwa moshi unatoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi mashimoni, wamechimba kwenye kingo kama sungura. Alilia. Hata katika lile kundi la kwanza, familia nyingi ziligeuza kurudi. Waliobaki hawakuwa na plau za kutosha wala wanyama wa kukokota. Wengine walivunja ardhi ile ngumu, iliyofumwa kwa mizizi, kwa majembe ya mkono na sepetu.

Na majira ya baridi ya kwanza yaliwakuta bila akiba. Simulizi za Nicodemus zinasema waliowasaidia ni wawindaji wa Kiosage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, wakawagawia nyama. Waosage! Wale wale ambao Kansas ilikuwa imekwisha kuwaondoa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Wale wale ambao kitabu cha watoto kilihesabu kuwa si watu. Aliyenyang'anywa nchi alimlisha aliyenyang'anywa mwili, juu ya ardhi ambayo mwenye kuigawa alikuwa kaketi mbali ofisini. Nionyesheni kitabu cha waanzilishi kinachoanza na nyama hiyo, nami nitakinunua nakala mbili.

Hapa kuna mtu atanisimamisha. Atasema: "Ndugu, hao Weusi wako nao si walichukua ardhi ya wenyewe? Mbona huwaiti wavamizi?" Swali ni la haki na sitalikwepa. Ndiyo, ekari za Nicodemus zilitokana na kuondolewa kwa watu wengine. Septemba 1878, mwaka mmoja baada ya kijiji kuanza, Wacheyenne wa Kaskazini chini ya Dull Knife na Little Wolf walitoroka eneo walilofungiwa kusini, wakakatiza magharibi ya Kansas kwa vita wakijaribu kurudi kwao. Huku mmoja anachimba shimo ili aanze maisha, kule mwingine anakimbia na watoto akirudi kuyatafuta maisha aliyonyang'anywa. Mwandishi wa kweli anaweka mambo haya mawili katika ukurasa mmoja. Akiweka moja akaficha jingine, anaandika tangazo. Na mtumwa aliyeachiwa huru hakutunga sheria ya 1862, wala hakuwa na kura ilipotungwa. Ukitaka kumshtaki mtu, anza na mwenye kalamu na jeshi, siyo na mwenye sepetu.

Tuendelee na shule, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Watu wale wanaishi chini ya ardhi, hawana unga, lakini darasa lilianza. Jenny Fletcher ndiye anayetajwa kuwa mwalimu wa kwanza wa Nicodemus, na wanafunzi wake walisoma ndani ya shimo. Fikiria. Huko walikotoka, katika majimbo kadhaa ya Kusini, kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mtoto wa Nicodemus aliyeandika jina lake kwenye ubao alikuwa anafanya kitendo ambacho mama yake angechapwa kwa ajili yake. Shule hii haikuwa "shule ndogo ya kijijini". Ilikuwa mapinduzi yenye viti vichache. Jengo la shule lililosimama pale mpaka leo ni la 1918. Na ukumbuke ni Kansas hiyo hiyo ambako watoto weusi wa mji wa Topeka walipelekwa shule za peke yao hadi kesi yao ikaamuliwa na Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1954. Jimbo moja, mambo mawili, na kitabu cha waanzilishi kinataja kengele ya shule ilivyokuwa tamu kuisikia asubuhi.

Na biashara? Z. T. Fletcher, mume wa Jenny, alikuwa posta masta wa kwanza, akafungua hoteli na banda la farasi. Yakaja maduka, makanisa, mhunzi. Mwaka 1886 kikawa na gazeti, na 1887 la pili. Tafakari: kijiji cha watu waliokatazwa kusoma, miaka kumi baada ya kutoka shimoni, kina magazeti mawili. Mkazi wake mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima. Basi mtu asituambie habari za uvivu.

Kilichokiua ni reli. Mwaka 1887 wapiga kura walikubali hati za mkopo za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific. Haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ikapitisha njia yake ng'ambo ya mto, maili chache tu. Wenye maduka walitazama njia ile, wakatazama vitabu vyao vya hesabu, wakahama kuifuata. Ukazaliwa mji wa Bogue, na Nicodemus ikaanza kufifia. Mstari mmoja uliochorwa na mtu aliye ofisini, asiyelala wala kuamka pale, ulifanya kazi ambayo baridi na njaa vilishindwa kuifanya. Vitabu vya waanzilishi huandika hivi: "baadaye biashara zikafungwa." Zikafungwa! Kana kwamba zilijifunga zenyewe, zikazima taa, zikaenda kulala. Kila mahali unapoona kitenzi cha namna hiyo, kisicho na mtendaji, shika kalamu nyekundu uulize: nani?

Hata walowezi weupe wamedhulumiwa na vitabu vya wajukuu wao. Miaka ya 1880 mwishoni ukame uliwapiga, bei ya nafaka ikaanguka, benki zikadai, reli ikatoza nauli itakavyo. Wakulima wa Kansas hawakukaa wakisifu jitihada binafsi. Waliunda chama chao, Chama cha Watu, na mwaka 1892 wakamwingiza gavana wao. Walitaka reli iwe mali ya umma! Leo wajukuu wanawavisha mababu hao kofia ya soko huria. Marehemu hana mdomo; ukimwandika vibaya hawezi kukurudishia barua.

Utaniuliza: wewe kijana unayeandika Kiswahili, Kansas inakuhusu nini? Inanihusu kwa namba. Baada ya Waingereza kutunga Sheria ya Ardhi za Taji ya 1902 katika Himaya ya Afrika Mashariki, kanuni za ardhi zilimruhusu mlowezi kupewa shamba la kuanzia maisha. La ukubwa gani? Ekari 160. Kipimo kile kile cha mbuga za Marekani kilivuka bahari kikashuka Kenya. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu wenye magari ya ng'ombe, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda uwanda wa Uasin Gishu. Unadhani waliandika nini? Waliandika kuwa waliikuta nchi tupu. Imetupwaje, bwana, nchi iliyopiganiwa miaka mitatu nyuma? Mji uliozuka pale uliitwa kwa namba ya shamba, 64, na wenyeji wakaitamka namba hiyo Sisibo kabla na hata baada ya jina Eldoret kuwekwa mwaka 1912. Kwa hiyo maneno "ardhi tupu" na "waanzilishi" ni mapacha. Ukimwona mmoja sokoni, ujue mwenzake yuko nyuma ya pazia anahesabu fedha.

Basi tufanye nini sisi wenye kalamu za bei rahisi? Nicodemus wenyewe wanatufundisha. Historia yao haikuokolewa na chuo kikuu. Lula Craig, mwalimu wa shule aliyekulia pale, aliandika kumbukumbu za wazee kwa mkono wake wakati hakuna mchapishaji aliyekuwa akimsubiri. Baadaye mjukuu wa kijiji, Angela Bates, akaanzisha chama cha historia na kusumbua maofisa mpaka wakachoka. Mwaka 1976 serikali ikaitambua Nicodemus kuwa alama ya taifa, na mwaka 1996 ikaifanya eneo la kihistoria la taifa. Leo wanaokaa pale hawafiki hamsini, lakini kila mwisho wa Julai wazawa hurudi kutoka kila upande kusherehekea ukombozi. Kijiji kina wakazi wachache na wenyewe wengi. Karatasi za mwalimu zimefanya hivyo.

Ombi langu kwa wenzangu, na mnisamehe nikilitoa kwa sauti kubwa. Andikeni habari za vijiji, shule na maduka. Acheni kidogo kuandika marais, wana waandishi wa kutosha na mishahara yao. Lakini mkiandika, msianze na jembe. Anzeni na aliyekuwepo jembe lilipofika. Mkitaja duka lililokufa, mtaje na mkono uliolinyonga. Mkimtaja mwalimu, msiishie kwenye upole wake. Semeni ni nani hakuruhusiwa kuketi darasani. Mkisifu jasho la babu, onyesheni na risiti ya shamba. Na mkifika kwenye neno "waanzilishi", msilifute. Liacheni hapo hapo, kisha mbele yake wekeni swali: waanzilishi wa nini, na juu ya nini?

Atakayekasirika atujibu. Kurasa ziko wazi, na baraza bado halijavunjwa.